Kabla hujanunua kopo la 'kuongeza kimo', uliza habari za makundi mawili

Tangu yatolewe matokeo ya Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022, neno udumavu limetoka kliniki na kuingia redioni, kwenye mikutano ya hadhara na katika makundi ya WhatsApp ya wazazi. Kitaifa, watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wana kimo kifupi kuliko umri wao unavyostahili. Utafiti kama huo wa mwaka 2015/16 ulikuta 34, kwa hiyo tumepiga hatua. Lakini Iringa ni watoto takriban 57 kwa kila 100, Njombe na Rukwa ni 50, na hiyo ni mikoa inayotegemewa kwa mahindi. Mzazi akisikia hivyo lazima ashtuke.

Penye hofu, biashara haichelewi. Siku hizi sipiti wiki bila mama kunionyesha kopo la unga, chupa ya matone au pakiti ya vidonge vya kutafuna, akiuliza kama ni kweli vinarefusha mtoto. Matangazo yamekuwa ya kisasa pia. Zamani muuzaji alileta ushuhuda wa mtu mmoja, sasa analeta lugha ya utafiti: "Watoto waliotumia bidhaa yetu waliongezeka uzito kwa wastani wa gramu 200 zaidi ya wasiotumia." Sentensi hiyo ina makundi mawili, ina wastani, ina tarakimu. Inasikika kama sayansi.

Inaweza kuwa sayansi kweli, na inaweza kuwa upepo. Tofauti ya wastani wa makundi mawili peke yake haisemi lolote mpaka ujue mambo mengine matatu, na mzazi yeyote anayejua kugawa na kutoa anaweza kuyaelewa. Leo tuyachambue, kwa sababu fedha inayokwenda kwenye kopo ni ileile ambayo ingenunua mayai, dagaa na karanga, na miaka miwili ya mwanzo ya mtoto hairudi.

Wastani huficha mengi

Watoto wawili wa jirani, mmoja ana kilo 7 na mwingine kilo 11. Wastani wao ni kilo 9, ingawa hakuna mtoto hata mmoja kati yao mwenye kilo 9. Wastani ni mahali katikati panapobeba kundi zima. Hauonyeshi watoto wametawanyika kiasi gani kuuzunguka.

Mtawanyiko huo ndio unaosahaulika. Watoto wa umri mmoja, wa mtaa mmoja, wenye afya njema, hawaongezeki uzito sawa. Mmoja aliharisha wiki iliyopita, mwingine alianza kutambaa na kula ovyo, wa tatu amezaliwa na wazazi wembamba. Ukichukua watoto 20 wanaokula chakula kilekile, ukawagawa makundi mawili kwa kufumba macho, bila kuwapa dawa wala unga wowote, wastani wa makundi hayo hautalingana. Lazima moja litazidi. Hiyo ni tofauti ya bahati, na ipo kila mara.

Kwa hiyo swali la maana kwa muuzaji si "Je, kulikuwa na tofauti?" Tofauti ipo siku zote. Swali ni hili: je, tofauti hiyo ni kubwa kuliko ile ambayo bahati peke yake ingeweza kuileta?

Hesabu yenyewe ni fupi

Wataalamu wa takwimu hujibu swali hilo kwa kipimo kinachoitwa kipimo cha t. Wazo lake ni jepesi kuliko jina lake: unachukua tofauti ya wastani wa makundi mawili, unaigawa kwa kiasi ambacho tofauti hiyo ingeyumba kwa bahati tu. Kuyumba huko kunategemea mambo mawili, yaani watoto wametawanyika kiasi gani na wako wangapi. Jibu likiwa dogo, bahati inatosha kueleza kilichotokea. Likiwa kubwa, yaani kuzidi 2 hivi, tunaanza kuamini kwamba kuna jambo.

Tuchukue mfano wa kubuni ili tuone. Watoto 10 wa miezi sita wanapewa unga mpya, wengine 10 hawapewi. Baada ya miezi mitatu, waliopewa wameongezeka kwa wastani wa gramu 1,100, wasiopewa gramu 900. Tofauti ni gramu 200, ileile ya tangazo. Tuseme mtawanyiko wa kawaida kutoka mtoto mmoja hadi mwingine, katika kila kundi, ni gramu 400. Kwa watoto 10 kila upande, hesabu inaonyesha tofauti ya wastani ingeyumba kwa gramu 180 hivi bila sababu yoyote. Gawa 200 kwa 180, unapata 1.1. Kwa makundi madogo kiasi hicho tunataka angalau 2.1. Haijafika, na muuzaji hana ushahidi wa kusimamia.

Sasa badilisha kitu kimoja tu: badala ya watoto 10, wawe 100 kila upande, na tofauti ibaki gramu 200. Kuyumba kwa bahati kunashuka hadi gramu 57 hivi. Gawa 200 kwa 57, unapata 3.5. Hapo bahati peke yake inapata shida kueleza. Gramu ni zilezile 200, lakini safari ya kwanza hazikuwa na uzito wa ushahidi na safari ya pili zinao. Tangazo linalokutajia gramu bila kukutajia idadi ya watoto limekunyima nusu ya habari.

Kuna kikomo ambacho watafiti wamekubaliana: wanaita matokeo "yenye uzito wa kitakwimu" iwapo, kama bidhaa haifanyi kazi kabisa, tofauti kubwa kiasi hicho ingetokea kwa bahati chini ya mara 5 katika 100. Kikomo hicho kina mtego wake. Bidhaa 20 zisizo na faida yoyote zikipimwa, kwa kawaida moja kati yake itapenya kwa bahati. Zile 19 hutazisikia. Ile moja itapata jina, kopo zuri na tangazo la redio.

Wasomaji wasielewe vibaya upande wa pili pia. Utafiti mdogo ukishindwa kuonyesha tofauti haumaanishi bidhaa haifai. Unamaanisha hatujui bado. Katika mfano wetu wa watoto 10, unga ungeweza kuwa mzuri kweli, ila watoto walikuwa wachache mno kutuambia.

Mtu wa kiwanda cha bia na wagonjwa 10

Kipimo hiki hakikuzaliwa hospitalini. Aliyekibuni ni William Sealy Gosset, mtaalamu aliyeajiriwa katika kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin, Ireland. Kazi yake ilihusu mambo kama ubora wa shayiri, na mara nyingi alikuwa na vipimo vichache tu vya kulinganisha. Hesabu zilizokuwapo zilifaa kwa vipimo vingi. Gosset aliona kwamba ukiwa na vipimo vichache, hata ule mtawanyiko wenyewe unaukadiria kwa kubahatisha, hivyo lazima ujiwekee sharti kali zaidi. Ndiyo maana watoto watatu watatu wanahitaji kufikisha takriban 2.8 kabla hujaamini, ilhali mamia wanahitaji 2 tu. Alichapisha kazi hiyo mwaka 1908 kwa jina la kujificha, "Student", yaani mwanafunzi, kwa kuwa mwajiri wake hakuruhusu wafanyakazi kuchapisha kwa majina yao.

Mfano mmoja alioutumia unahusu wagonjwa, na una somo kubwa. Wagonjwa 10 walijaribiwa dawa mbili za usingizi kwa nyakati tofauti, na saa za usingizi walizoongeza zikaandikwa. Dawa ya kwanza iliongeza wastani wa dakika 45. Ya pili iliongeza wastani wa saa mbili na dakika 20. Tofauti inaonekana kubwa, lakini tazama mtawanyiko wa hiyo dawa ya pili: mgonjwa mmoja aliongeza saa tano na nusu, na mwingine alipungukiwa dakika sita.

Kama namba hizo zingetoka kwa watu 20 tofauti, 10 kwa kila dawa, kipimo cha t kingetoa 1.9 hivi, chini ya 2.1 inayotakiwa. Tungesema ushahidi hautoshi. Lakini walikuwa watu walewale 10, kila mmoja akilinganishwa na nafsi yake. Hesabu ya namna hiyo inatoa takriban 4.1, na inayotakiwa ni 2.3. Namba zilezile, majibu mawili. Sababu ni kwamba mtu anapolinganishwa na yeye mwenyewe, zile tofauti za kuzaliwa kati ya mtu na mtu zinaondoka kwenye mizani.

Somo kwa mzazi ni kuuliza walilinganishwa nani na nani. Makundi yenye watu tofauti yanahitaji watu wengi zaidi ili kutoa jibu.

Makundi yalipatikanaje?

Hili ndilo swali la pili, na kwa maoni yangu lina uzito kuliko la hesabu. Tuseme kampuni imewapima watoto 100 wa wazazi walionunua unga wake na 100 wa wazazi ambao hawakununua. Kipimo cha t kimetoa 3.5. Bahati imeondolewa mashakani. Je, unga ndio uliofanya kazi?

Fikiria nani ananunua kopo la bei kubwa. Ni mzazi mwenye kipato, mwenye maji ya bomba ndani, ambaye dada wa kazi analisha mtoto mara tano kwa siku, anayewahi zahanati mtoto akipata homa. Mtoto huyo angeongezeka uzito hata kopo lisingekuwapo. Tofauti ni ya kweli, sababu yake ni nyingine. Kipimo cha t hakina macho ya kuona jambo hilo. Chenyewe hupima kama tofauti imezidi bahati, halafu kinanyamaza.

Dawa ya tatizo hili inajulikana: kura. Watoto wanagawanywa kwenye makundi kwa bahati nasibu, bila mzazi wala mtafiti kuchagua. Matajiri na maskini, wazito na wepesi, wanasambaa pande zote mbili. Ikibaki tofauti kubwa kuliko bahati, kitu pekee kilichotenganisha makundi ni unga. Utafiti usio na kura unaweza kuwa na manufaa yake, lakini hauwezi kubeba neno "husababisha" mgongoni.

Watoto wa Kakamega, Zimbabwe na Bangladesh

Tuache mifano ya kubuni. Suala la kurefusha watoto wa familia za kawaida limepimwa kwa kura, na kwa makundi makubwa, katika nchi tatu.

Nchini Kenya, watafiti waliandikisha wajawazito 8,246 katika kaunti za Kakamega, Bungoma na Vihiga. Bangladesh waliandikisha 5,551. Vijiji na maeneo viligawanywa kwa kura: wengine walipata huduma za maji salama, choo na kunawa mikono, wengine walipata lishe, wengine vyote kwa pamoja, na wengine walibaki kuwa kundi la kulinganishia. Lishe yenyewe ilikuwa ushauri wa kunyonyesha na kulisha, pamoja na vipakiti vya nyongeza laini yenye mafuta, vitamini na madini, ambayo mtoto hupewa kuanzia miezi sita, gramu 20 kwa siku. Zimbabwe walifanya utafiti unaofanana na huo katika wilaya za Chirumanzu na Shurugwi. Matokeo yote yalichapishwa mwaka 2018 na 2019.

Kwa kuwa kura ilipigwa kwa vijiji badala ya mtoto mmoja mmoja, hesabu ilibidi irekebishwe. Watoto wa kijiji kimoja wanakunywa maji ya kisima kimoja na kuugua pamoja, kwa hiyo kumi wa kijiji kimoja hawabebi ushahidi sawa na kumi wa vijiji kumi.

Matokeo yalikuwaje? Nayatafsiri kutoka lugha ya watafiti kwenda milimita, kwa kukadiria. Kenya, watoto waliopata lishe walikuwa warefu kwa wastani wa milimita 4 hivi walipofikia umri wa miaka miwili, kuliko kundi la kulinganishia. Bangladesh ilikuwa milimita 8 hivi. Zimbabwe, watoto wa miezi 18 ambao mama zao hawakuwa na VVU walizidi kwa milimita 4 hadi 5. Huduma za maji, choo na sabuni peke yake hazikuonyesha ongezeko la kimo katika nchi yoyote kati ya hizo.

Hilo la mwisho lisimfanye mtu aache sabuni. Kule Bangladesh huduma hizo zilipunguza kuhara, ingawa Kenya hazikufanya hivyo, na wataalamu wengi wanaona kwamba choo rahisi na ndoo ya kunawia havikutosha kusafisha mazingira ambamo mtoto anatambaa pamoja na kuku. Kilichopimwa ni huduma za aina ile, kwa kiasi kile. Usafi kwa ujumla ni habari pana zaidi.

Turudi kwenye milimita. Huu ni msaada uliopangwa na wataalamu, ukatolewa bila malipo kwa zaidi ya mwaka, ukafuatiliwa nyumba kwa nyumba. Faida yake ya wastani haikufika sentimita moja. Na hata hizo milimita 4 za Kenya zina ukungu wake: watafiti wenyewe waliandika kwamba faida halisi inaweza kuwa popote kuanzia karibu na sifuri hadi milimita 8. Sasa mpime yule anayekuahidi sentimita tano kwa mwezi mmoja. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Milimita tano zina faida gani?

Msomaji anaweza kusema, basi kama ni nusu sentimita tu, tuachane na lishe. Hapana, na hapa ndipo wastani unapoonyesha sura yake nyingine.

Kwa mtoto mmoja, nusu sentimita haionekani kwa macho. Watoto wa miaka miwili wenye afya wanatofautiana kimo kwa sentimita kadhaa kila upande wa wastani, hivyo ukisimamisha mtoto aliyepata lishe na ambaye hakupata, mara nyingi sana asiyepata ndiye mrefu. Hii ndiyo sababu ushahidi wa "mtoto wa jirani" hauna msaada, uwe wa kusifu au wa kuponda.

Lakini udumavu ni mstari. Mtoto aliye chini kidogo ya mstari anahesabiwa amedumaa, aliye juu kidogo hahesabiwi, na watoto wengi wamejazana karibu na mstari huo. Ukisogeza kundi zima juu kwa nusu sentimita, wengi wanavuka. Zimbabwe, katika makundi ambayo hayakupata lishe, watoto 35 kati ya kila 100 walikuwa wamedumaa. Katika yaliyopata, walikuwa 27. Watoto wanane kwa kila mia. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa nchi yenye mamilioni ya watoto, kibaba hicho ni kikubwa.

Kwa hiyo tofauti moja ina bei mbili. Kwa anayepanga bajeti ya lishe ya halmashauri, nusu sentimita ya wastani ni sababu nzuri ya kutoa fedha. Kwa mzazi mmoja dukani, ni sababu ya kutotegemea muujiza kwenye kopo.

Vipi kuhusu mikoa yetu?

Takwimu za Iringa, Njombe na Rukwa zimeleta hitimisho nyingi za haraka. Nimesikia ikisemwa kwamba mahindi ndiyo yanayodumaza, wengine wanasema ni baridi, wengine ni urithi wa ukoo. Hapa panalinganishwa asilimia, ambazo zina vipimo vyake ndugu wa kipimo cha t, lakini mantiki haibadiliki.

Tofauti kati ya mikoa hiyo na wastani wa taifa ni kubwa mno kuwa bahati. Tuiamini. Lakini hakuna aliyepiga kura kuamua mtoto azaliwe Iringa au Dar es Salaam. Mikoa inatofautiana kwa mambo mengi kwa wakati mmoja: mlo unaotegemea nafaka moja, muda wa mama shambani, umri wa kuanza kumlikiza mtoto, mimba za mapema, magonjwa, urefu wa wazazi. Takwimu zinatuambia tatizo liko wapi. Hazituambii limetoka wapi, na anayechomoa sababu moja na kuitangazia bidhaa amekwenda mbali kuliko ushahidi wake.

Hali ni ileile kwa presha

Wagonjwa wangu wa shinikizo la damu nao wana kopo lao. Mtu anapimwa leo, presha ya juu ni 168. Anaanza juisi fulani, anarudi baada ya wiki mbili, ni 150. Anatangaza kwamba amepona.

Presha hupanda na kushuka kila siku. Watu huanza dawa mpya siku wanapojiona wabaya zaidi, na baada ya siku mbaya kuliko zote, ya kawaida hufuata yenyewe. Ukiwachukua watu 50 kwa sababu tu presha yao ilikuwa juu sana siku moja, ukawapima tena bila kuwapa chochote, wastani wao utashuka. Ndiyo maana kundi moja la "kabla na baada" halitoshi, lazima pawe na kundi jingine ambalo halikupata juisi, lipimwe siku zilezile. Kama nalo limeshuka kwa kiasi hichohicho, juisi haikufanya kitu. Tafadhali, usiache dawa ulizoandikiwa kwa sababu ya kipimo kimoja kizuri. Kiharusi hakisubiri utafiti.

Maswali ya kumuuliza muuzaji

Huhitaji kikokotoo. Ukisomewa tangazo lenye wastani, uliza haya kwa utaratibu:

Kwanza, waliolinganishwa walikuwa wangapi kila upande? Ikiwa ni chini ya makumi kadhaa, sikiliza kwa tahadhari.

Pili, nani aliamua nani apate bidhaa? Kama ni mnunuzi mwenyewe, tofauti inaweza kuwa ya kipato.

Tatu, kundi la kulinganishia lipo kweli, au ni watu walewale kabla na baada? Mtoto huongezeka kimo hata bila kopo, kwa hiyo "kabla na baada" kwa mtoto ni hila tupu.

Nne, tofauti ni kubwa kiasi gani kwa gramu au sentimita, na ukungu wake unaanzia wapi hadi wapi? "Imethibitishwa kisayansi" si jibu.

Tano, je, imesajiliwa na mamlaka inayohusika, na nani aliyelipia utafiti? Utafiti wa kampuni si lazima uwe wa uongo, lakini unahitaji jicho la pili.

Muuzaji mkweli hatakasirika kuulizwa. Akisema "wewe jaribu tu utaona", umeshapata jibu.

Na mtoto wako je?

Wastani ni wa makundi, mtoto wako ana kadi yake. Mpeleke kliniki kila mwezi apimwe uzito, na uombe apimwe urefu pia, maana udumavu hauonekani kwenye mizani. Tazama mwelekeo wa mstari wake katika miezi kadhaa, usimlinganishe na wa jirani. Mstari ukilala au kushuka kwa miezi miwili mfululizo, muulize mhudumu siku hiyohiyo. Mtoto mwenye kukohoa kusikoisha, kuhara mara kwa mara au kukataa kula anahitaji daktari, na duka la virutubisho litamchelewesha.

Mnyonyeshe maziwa ya mama pekee miezi sita ya mwanzo. Baada ya hapo endelea kunyonyesha hadi miaka miwili au zaidi, na sahani yake iwe na zaidi ya uji mweupe: dagaa waliosagwa, yai, maharage yaliyopondwa, karanga, mboga za majani, parachichi, papai, na mafuta kidogo. Mjamzito naye ale vizuri na kumeza vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi anavyopewa kliniki, kwa kuwa sehemu ya kimo cha mtoto huamuliwa kabla hajazaliwa.

Kama kituo chako cha afya kimempa mtoto nyongeza ya lishe kwa sababu ya utapiamlo, hiyo ni tiba, mpe kama ulivyoelekezwa na usiigawe kwa ndugu zake. Kwa kopo la dukani, weka bei yake mkononi na uhesabu itanunua trei ngapi za mayai.